Kitabu cha Kabichi na Kitabu cha Wagonjwa

Kila Jumatatu na Alhamisi, Scholastika alipotoka shule alivua sare, akala haraka ugali wa mchana, kisha akaenda kukaa kwenye jiwe pembeni mwa matuta ya kabichi, kitabu mapajani. Hizo zilikuwa siku za kupulizia dawa ya wadudu. Baba yake, mzee Deogratias, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha mboga cha kitongoji cha Juu, kijijini Lukwele, katika milima ya Uluguru. Macho yake yalishindwa herufi ndogo, basi kalamu alishika binti: nani kapulizia, dawa gani, kiasi gani. Saa kumi wanakikundi waliteremka kijitoni kuosha mabomba yao. Mtaalamu wa mradi wa mboga aliwafundisha kwamba bomba la dawa lioshwe kwa maji mengi, na Lukwele maji mengi yalikuwa kijitoni tu.

Hatua mia tatu chini ya hapo, mradi mwingine ulikuwa umejenga tangi la kukinga maji ya kijito hicho kwa ajili ya watu wa kitongoji cha Bondeni. Watu wa Juu hawakupata koki hata moja. Watu wa Bondeni nao hawakupata mbegu hata punje. Tangu hapo vitongoji viwili vilivyokuwa vikizikana vilianza kununiana. Hata wataalamu wa miradi hiyo, wakipishana na pikipiki zao, walipungiana mkono tu, kila mmoja akaenda zake.

Jumanne asubuhi, ugomvi ulifika darasa la saba.

"Watoto watatu wametapika tena jana, na mdogo wangu Hashimu mmoja wao," alisema Mwanvita, msichana wa Bondeni. "Nyie watu wa Juu mnatuchezea."

"Chemsheni maji, wachafu nyie!" mvulana mmoja wa Juu alimjibu, na wenzake wakacheka.

"Tunachemsha! Mtaalamu wetu wa maji katufundisha, na mama anachemsha mpaka kuni zinaisha. Lakini kila Jumatatu na Alhamisi wanatapika. Mama anawaandika wote kitabuni. Mkatae sasa!"

"Mama yako aandike na kabichi anazotuonea wivu!"

Kicheko kilizidi. Scholastika hakucheka. Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo alikuwa akiziandika kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni alimwendea baba yake. "Baba, wa Bondeni wanaugua siku zile zile tunazopulizia. Wana kitabu chao. Tungewaonyesha na chetu..."

"Nani kakutuma?" Deogratias alisimama. "Mwajuma, mama yake Mwanvita, katibu wa kamati yao ya maji? Huyo anatafuta sababu ya kutufukuza shambani. Ijumaa mgeni wa mradi anatoka Morogoro kuja kututazama. Kitabu hicho hakitoki nje ya nyumba hii. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Kitabu hakikutoka nje. Alhamisi wakapulizia, akaandika. Saa kumi wakateremka kijitoni kuosha mabomba, akawatazama, kisha akarudi na kitabu nyumbani.

Saa kumi na moja habari zilipanda mlima haraka kuliko mbio za mtu: Hashimu alikuwa ametoka kucheza mpira, akanywa kokini kwa kiganja, akaanguka. Amebebwa mgongoni hadi zahanati, jasho linamtiririka, mate yanamtoka, hasemi.

Scholastika alikipachika kitabu kwapani, akakimbia.

Mlangoni mwa zahanati alimkuta Mwajuma, kanga imemlegea kichwani.

"Shikamoo, mama."

Mwajuma hakuitikia. "Umetumwa kuja kutucheka? Kawaambie bado yu hai."

"Sijatumwa. Baba alinikataza." Alichomoa kitabu kwapani. "Nimeleta kitabu chetu."

Tabibu Catherine alitoka ndani, akakichukua. Akamwomba Mwajuma kitabu chake cha wagonjwa, akaviweka viwili mezani, akapitisha kidole kutoka tarehe hadi tarehe. Wamepulizia, wameugua. Wamepulizia, wameugua. Miezi miwili mizima.

"Mabomba mnaoshea wapi?"

"Kijitoni. Juu ya tangi."

Tabibu alifunua ukurasa wa mwisho wa kitabu cha kabichi. Alisoma jina la dawa ya siku ile, akarudi kwa mtoto upesi. "Nilihofia sumu, lakini sikujua ipi," alisema huku akivuta dawa kwenye sindano. "Sasa najua."

Deogratias alifika akihema, uso umekunjamana. "Skola! Nilikuambia nini?"

"Mnatuua, Baba Skola!" Mwajuma alimkabili. "Mnatuua kwa sababu ya kabichi!"

"Tuliambiwa tuoshe kwa maji mengi!"

"Na sisi tuliambiwa tuchemshe!"

"Nyamazeni, mtoto anatibiwa!" Tabibu Catherine alitokeza mlangoni. "Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi sumu. Maji mengi yanasafisha bomba, lakini yanaipeleka sumu kwa jirani. Kila mradi uliwafundisha nusu, nanyi kila upande mkaikumbatia nusu yake kama mali. Hakuna aliyefungua kinywa, ila huyu binti. Na ningejua hata juzi, Hashimu asingelala hapa leo."

Scholastika aliinamisha kichwa. Maneno hayo ya mwisho yalimchoma, kwa kuwa juzi ilikuwa Jumanne, naye alikuwa anajua.

Koki zilifungwa jioni ile ile. Hashimu alifumbua macho asubuhi, akaomba uji. Mgeni wa mradi wa mboga alipofika Ijumaa, Tabibu Catherine alimkalisha benchi moja na mtaalamu wa maji, vitabu viwili mbele yao. Walikubaliana tangi lisafishwe na maji yapimwe kabla ya koki kufunguliwa, shimo la kuoshea mabomba lichimbwe mbali na kijito, na kila kitongoji kisome kitabu cha mwenzake.

Jumamosi Deogratias alimpa bintiye jembe. "Ulivunja amri yangu. Utachimba nami."

Walichimba mpaka Mwajuma alipotokea na jembe lake begani.

"Sikuja kwa ajili yako, Baba Skola. Nimekuja kuona kama shimo lina kina."

"Lipime mwenyewe."

Alilipima kwa mpini. "Bado," akasema, akaingia shimoni.

Deogratias alimtazama akirusha udongo, kisha akamgeukia bintiye, akasema kwa sauti ya chini. "Skola, nilidhani nakilinda kikundi. Kumbe nilikuwa naficha jambo ambalo lingemwokoa mtoto wa watu. Ukijua kitu kinachomgusa jirani, mwambie, hata kama hamsemezani. Na siku nyingine nikikukataza jambo kama hilo, usisubiri hadi Alhamisi."

"Ndiyo, baba."

"Maneno baadaye," Mwajuma alisema kutoka shimoni. "Sogezeni huo udongo, unaniporomokea."