Kalenda ya Duka la Mwangaza

"Sijaiona," Leokadia alisema kwa mara ya tatu.

"Uliingia kwangu juzi kurudisha ungo," alisema Mama Budeba, jirani yao hapo Uyole, mwanawe Budeba akiwa kando yake. "Ulipotoka, kalenda yangu haikuwepo ukutani."

Mama yake Leokadia alikuwa akichambua maharage. Hakuinua kichwa, lakini alisikiliza.

Mtaa mzima ulijua kwamba Leokadia, mwanafunzi wa darasa la tano, hukusanya vitu ambavyo maduka yaliyofungwa yaliwahi kuwagawia wateja: trei za bati, vifungua chupa, kalenda. Vya Duka la Mwangaza alivitafuta zaidi. Baba yake alipima sukari pale kwa miaka tisa. Duka lilipofungwa mwaka jana, 1976, alikwenda Zambia kutafuta kazi, na mpaka sasa hakuna barua. Leokadia hakulia alipoondoka, wala baadaye. Hata leo, akisemwa hivi, hakusikia kitu kifuani.

Mama aliuliza kalenda ya zamani hivyo ni ya nini. Mama Budeba akaeleza. Mwanawe alizaliwa nyumbani na hana kadi ya kliniki. Siku hiyo baba yake aliizungushia wino tarehe kwenye kalenda. Kwa kuwa Budeba ni mdogo wa umbo, mwalimu mkuu hakubali kwamba ametimiza miaka saba, na uandikishaji wa darasa la kwanza unafungwa leo saa sita.

"Ametaka ushahidi," alisema. "Mimi sina mwingine."

Leokadia aliingia ndani, akarudi na daftari lake la Hesabu. Alikuwa amelivika karatasi yenye miezi. Kwenye Machi palikuwa na duara la wino.

"Nilitaka jina la duka tu," alisema. "Nikalikata, na huku chini nikavika daftari."

Mama Budeba aliigeuza karatasi. Mwaka haukuwepo. Ulikuwa umechapwa juu, kando ya jina la duka.

Mama aliweka ungo chini. "Duka limekufa, lakini kalenda ilikuwa na mwenyewe. Ukitaka kitu cha mtu, omba. Ukinyimwa, acha. Na uongo wako ulikuwa unamnyima mtoto shule. Baba yako hayumo kwenye karatasi hiyo, mwanangu. Budeba yumo."

Leokadia alitoa kipande cha juu sandukuni, akamshika Budeba mkono, wakaenda shuleni, mama zao nyuma. Mbele ya mwalimu mkuu alisema mwenyewe kwamba aliiba, akakata, akakana. Kisha akaviweka vipande viwili mezani, ukingo kwa ukingo, mwaka na duara vikasomeka pamoja.

Mwalimu alihesabu kwa vidole miaka tangu mwaka ule, ikafika saba, akafungua rejista, akaandika jina la Budeba.