Mkasi Katika Sikio la Kushoto

Wewe ungemwachia mumeo kila alasiri akamvishe mwanamke mwingine hedifoni kichwani? Rafiki yangu Carlota wa Magomeni alivumilia miezi miwili, mwaka 1972. Mumewe Manuel, fundi redio, alidai hedifoni za Shirin, mjane mwenye duka mtaa wa jirani wa Chikongola, ni za kifahari mno kwa redio ya kawaida. Lazima azitafutie amplifaya inayozifaa. Alijaribu tatu. Hata mke hakumchagua kwa makini hivyo.

Kisha hedifoni zikaja nyumbani kusafishwa, na Manuel alipolala na homa, akamtuma Carlota azirudishe.

Shirin alimkaribisha chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa kuzuia jua, giza tupu, ila valvu za amplifaya, vile vichupa vya kioo, ziking'aa kama makaa. Akavaa hedifoni, akaweka santuri.

"Kulia kunaimba, dada. Kushoto kimya."

"Labda zimechoka kuvaliwavaliwa," Carlota akajibu.

Shirin akachomoa waya kwenye amplifaya, hedifoni zingali masikioni. Akakunja uso.

"Mbona sasa kushoto kunalia?"

"Kunalia nini?"

"Mkasi. Na mwanamke anahema."

Akamvisha Carlota. Ncha ya waya ilikuwa mkononi mwa Shirin, haikuchomekwa popote. Carlota akasikia kacha, kacha, kisha sauti yake mwenyewe ikinong'ona: "Tuone kesho atakuvisha nini."

Akazitupa sakafuni. Mkasi ukazidi kulia, sasa chumba kizima.

"Basi!" Carlota akapiga kelele gizani. "Waya wa kushoto niliukata mimi."