Mlango Nyuma ya Satini

Ta! Ta! Ta!

Sauti ilitoka nyuma ya kitambaa cheupe. Ikanyamaza, ikaanza tena. Ta! Ta! Kisha kitambaa kikasogea. Ukatokea mkono ulioshika mashine ya kupigia pini, na nyuma yake uso wa mwanamume uliolowa jasho.

"Vuta kushoto, Pini! Kushoto kwangu, siyo kwako!"

Mwanamume huyo alikuwa mpambaji wa kumbi. Kwa miaka ishirini alikuwa amezivisha kuta vitambaa vya satini vya kung'aa, hata watu wakamwita Satini. Binti yake alimsaidia tangu akiwa mdogo. Yeye ndiye aliyeshika kopo la pini, basi jina likamganda.

Asubuhi hiyo walipamba ukumbi wa mkutano wa walimu. Walimu karibu mia nne walitarajiwa saa tatu.

Lakini Pini alikuwa na jambo moyoni. Chuo kikuu kilikuwa kimemtumia barua kwamba amechaguliwa kusoma shahada ya utalii na usimamizi wa matukio. Alitakiwa kujibu siku hiyohiyo, kabla ya saa kumi jioni. Asipojibu, nafasi yake ingekwenda kwa mwingine. Mama yake alikuwa amekubali. Alibaki baba.

"Baba, ile barua..."

"Barua tena! Mwanangu, miaka mitatu kujifunza kupanga viti? Viti si hivi hapa? Panga nikuone, shahada nikupe sasa hivi."

"Si viti tu, baba."

"Na huo utalii? Kuwashikia wageni miavuli! Hebu lete pini."

Pini alileta pini. Aliyameza maneno yake, lakini hakuyasahau.

Walifika kwenye mlango wa pembeni. Rangi yake ilikuwa imebanduka. Juu yake kulikuwa na taa ndogo ya kijani iliyoandikwa KUTOKA.

"Mlango huu unaniharibia ukuta," Satini alisema. "Funika."

"Na watu watatokea wapi?"

"Kwani wana mabawa? Watatokea walikoingilia."

Ta! Ta! Ta! Mlango ukapotea. Ukuta wote ukawa mweupe kama maziwa.

Msimamizi wa ukumbi aliingia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu bapa na karatasi kubwa mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dada. Unaonaje?"

"Pamependeza mpaka natamani kuvua viatu. Lakini mlango wangu uko wapi?"

Satini alicheka. "Upo. Nimeusitiri."

"Naomba uufunue."

"Dada, mimi napamba kumbi tangu wewe unavaa sare ya shule. Hakuna aliyewahi kunidai mlango."

"Ni kwa sababu siku ya kuudai haijafika. Ikifika, hatutakuwa na muda wa kung'oa pini. Mlango ukizibwa, mkutano hauanzi."

Satini alivimba kwa hasira. Pini ndiye aliyepanda ngazi. Aling'oa pini moja moja. Akakigawa kitambaa katikati, akakifunga kila upande kwa utepe wa bluu. Mlango ukasimama wazi kati ya mapazia mawili, na taa ya kijani ikang'aa juu yake.

"Umeharibu," baba alisema. Lakini hakukirudisha kitambaa.

Msimamizi alitandaza karatasi yake mezani. Ulikuwa mchoro wa ukumbi mzima. Kila kiti kilikuwa na alama yake.

"Mbona viti hivi vitatu vimekaa karibu na mlango?" Pini aliuliza.

"Mwalimu mmoja anatembea kwa magongo. Tulimuuliza mapema, akatuambia. Hapa atakaa yeye na wenzake wawili."

"Na alama hii ya nje?"

"Chini ya mnara wa maji. Ni mahali pa kukusanyikia."

Satini alinong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika: "Mkutano wa ndani, alama ya nje! Makubwa haya!"

Mkutano ulianza. Saa tano, harufu ya plastiki inayoungua ilijaa ukumbini. Waya wa spika uliokuwa karibu na mlango mkuu ulianza kutoa moshi. Moshi ukawa mweusi, ukauziba mlango. Mtu akapiga kelele. Vichwa vyote viligeuka.

Sauti ya msimamizi ikasikika kutoka jukwaani, tulivu kabisa.

"Walimu wangu, tusimame. Tunatokea mlango wenye utepe wa bluu. Safu ya kwanza, twendeni. Wengine subirini mhudumu awaite."

Wahudumu walikuwa tayari, kila mmoja kwenye safu yake. Mwalimu wa magongo alitangulia. Safu ikafuata safu. Fundi umeme alikata umeme, akapuliza kizimamoto.

Satini alisimama ukutani, mdomo wazi. Hakuwahi kuona jambo kama lile. Mamia ya watu, na hakuna aliyesukumwa wala kukanyagwa. Walipita kati ya vitambaa vyake kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano, uzi mrefu usiokatika.

Chini ya mnara wa maji, msimamizi alihesabu. "Waliingia mia tatu tisini na sita. Wapo mia tatu tisini na sita."

Satini aliiomba ile karatasi. Aliishika kwa mikono miwili.

"Iliwaona watu kabla hawajaja," alisema polepole. "Dada, na lile pazia langu... lingekuwa bado..."

Akamrudishia karatasi.

"Haya umejifunzia wapi?" Satini aliuliza.

"Chuo kikuu, mzee. Binti yako ameniambia amechaguliwa kusoma shahada hiyohiyo."

"Unanitania!"

"Sikutanii. Tulisoma usalama wa watu, sheria, mikataba, lugha, hata hesabu ya vyoo."

"Vyoo navyo vinasomewa chuo kikuu?"

"Ukikosea hesabu hiyo, hakuna atakayeikumbuka satini yako!"

Satini alicheka mpaka akafuta machozi. "Na utalii je?"

"Walimu hawa wametoka mbali. Nani amewapokea? Wanalala wapi? Kesho watatembezwa wapi, bila kuharibu mazingira wala kuwasumbua wenyeji? Hiyo nayo ni kazi ya kusomea." Akamgeukia Pini. "Umehakikisha chuo kimesajiliwa, na shahada inatambuliwa?"

"Nimeuliza kwenye mamlaka ya vyuo. Inatambuliwa. Na kuna mafunzo kwa vitendo, hotelini na kwenye kumbi."

"Basi umeanza vizuri. Na ule utepe wa bluu, nani alikufundisha?"

Pini alimtazama baba yake. "Yeye."

Saa tisa na nusu walikaa kwenye ngazi za ukumbi. Pini alishika simu.

"Baba?"

"Wajibu. Waambie unakuja."

Alibonyeza. Wote wawili waliitazama simu kama watu wanaotazama jua likichomoza. Ujumbe ukarudi: nafasi yake imethibitishwa.

Satini aliiweka mashine yake chini. Akamshika binti yake bega.

"Mwanangu, siku utakayovaa joho, ukumbi huo nitaupamba mimi. Nitaanzia kwenye mlango wa kutokea, na utepe utakuwa wa bluu. Na kuanzia leo, nakuahidi, mkono huu hautafunika mlango tena."