Kadi Haipandi Mizani

Fundi wa cherehani alikuwa na bosi mmoja tu, na bosi huyo hakuwa na meno. Ni mwanawe wa miezi minane. Akilia, cherehani inasimama. Akicheka, hata mteja mgomvi anasahau alichojia.

Bosi alizaliwa na virusi vya Ukimwi. Mama yake alijua hali yake mwenyewe baada ya kujifungua, wote wawili wakaanza dawa. Kila siku, saa ile ile, mama alikoroga vidonge vya mtoto katika maji safi, akamnywesha mpaka tone la mwisho. Hakuruka hata siku moja.

Msimu wa sare za shule ulipoingia, mama naye alishika mkasi. Siku ya kliniki ikafika.

"Nipeni kadi," alisema shangazi, dada yake fundi. "Mtoto mzima huyu mnampeleka kufanya nini? Akapigie watu kelele?"

Akaenda na kadi, akarudi na dawa. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu alirudi mikono mitupu, amenuna.

"Muuguzi ananiambia kadi haipandi mizani. Eti anamtaka mtoto!"

Fundi akambeba Bosi mpaka kliniki. Mizani ikasoma kilo nane. Muuguzi akatazama kadi: kilo tano. Hakufoka.

"Fundi, mteja akikuletea vipimo vya mwaka jana, unakata kitambaa?"

"Thubutu! Suruali itamkwama magotini."

"Basi mwanao bado anakunywa dawa ya kilo tano. Dawa ikiwa ndogo kuliko mwili, virusi vinazaana. Vinaweza hata kuizoea, isifanye kazi tena."

Fundi akaacha kutabasamu. "Lakini ana nguvu, dada. Jana kanivunjia chaki zote."

"Nguvu anazo. Ila virusi huvioni kwa macho. Tutampima damu."

"Kwa hiyo nimwongezee vidonge mwenyewe nyumbani?"

"Hapana, baba. Usikisie. Kila uzito una kipimo chake, na tunakipanga hapa. Kazi yako ni kumleta."

Jioni mama alisikiliza yote, kijiko mkononi. "Sikukosa hata siku moja, na bado nimekosea?"

"Tumekosea wote, mke wangu. Tena mimi ndiye ninayeshinda na tepu ya vipimo shingoni."

Majibu yalionyesha virusi vimepanda. Muuguzi alisema waendelee na kipimo kipya cha dawa alichowapangia, kisha wapime damu tena baada ya miezi mitatu.

Miezi hiyo ilikwenda polepole. Fundi alishona mifuko kombo mara mbili. Kila siku ya kliniki, baba na mama walikwenda na mtoto. Shangazi alibaki kibandani kutuliza wateja, kazi aliyoipenda kupita kiasi.

Siku ya majibu, muuguzi alifungua faili.

"Virusi vimeshuka. Vimekuwa vichache mno, kipimo hakivioni. Havijaisha mwilini, kwa hiyo dawa asiache. Lakini zinafanya kazi vizuri."

Mama akasogea mbele. "Hakivioni?"

"Hakivioni."

"Sema tena."

Muuguzi akasema tena, taratibu. Safari hii aliyelia ni mama, na Bosi akabaki kumkodolea macho.