Shati la Mikono Miwili ya Kushoto

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imetoka nje ya mlango na kupinda ukutani. Watoto walilia, wazee walikohoa, kila mtu alimsukuma aliye mbele kana kwamba ugonjwa wake ndio wa haraka zaidi. Katikati alisimama fundi cherehani, karatasi ya daktari imelowa jasho kiganjani. Gauni lake la kijani, alilojishonea mwenyewe, lilimpwaya kiunoni.

"Dada, unaumwa nini?" sauti ilimuuliza kutoka nyuma.

Aligeuka. Mwanamume wa shati jeupe, ndevu zimechongwa vizuri, ananukia mafuta ya nywele.

"Kichwa," alidanganya.

"Vichwa ni idara yangu. Mimi kinyozi. Nimefuata spiriti ya kusafishia mashine."

"Basi nitibu."

"Nitakutibu, ila kwanza nipishe. Nimeacha mteja nimemnyoa upande mmoja."

Fundi alicheka, akajishangaa. Hakukumbuka alicheka lini mara ya mwisho. Zamu yake ilipofika, aliona haya kutoa ile karatasi mbele ya mtu aliyemchekesha. Akaitia mkobani, akanunua vidonge vya kichwa vya kawaida.

Mapenzi yakaanza, na simu hazikukatika.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Maswali yako. Nimeshiba hadi kooni."

Kwa muda alidhani hayo yangetosha. Lakini mapenzi, pamoja na sifa zote tunazoyapa, hayatibu kila kitu. Asubuhi zikarudi kuwa nzito. Alikuwa akiketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, cha pili hapo hapo sakafuni, na mkono ukishindwa kukifikia. Haukuwa uchovu wa kazi. Ulikuwa uchovu wa kuamka nao. Akarudi kwa daktari.

"Vidonge hivi havina haraka," daktari alimwambia. "Mwanzoni vinaweza kukuchosha zaidi, mdomo ukauke, tumbo lichafuke. Vumilia, na usiache bila kuniambia."

Dada yake aliposikia alifunga mlango kwanza ndipo akasema. "Mdogo wangu, hili lisitoke humu ndani. Mwanamume akisikia dawa za akili atakimbia aache viatu."

Basi kila siku, kabla ya kuanza kazi, fundi alimeza kidonge chake nyuma ya pazia ambako wateja hujaribia nguo. Na kweli vilimchosha. Alipiga miayo katikati ya vichekesho vya kinyozi. Alisinzia simu ikiwa sikioni.

"Fundi wangu, upo?"

"Nipo."

"Upo na nani?"

"Na usingizi."

"Huo usingizi hauna ndevu kweli?"

Alitania, lakini sauti ilikuwa imeanza kuingia wasiwasi.

Kisha kinyozi akamletea kitambaa rangi ya maziwa. "Nishonee shati. Nitalivaa siku ya kukupeleka kwa mama."

Fundi yeyote anajua: kitambaa hukunjwa mara mbili, ukikata mara moja unapata mkono wa kulia na wa kushoto. Yeye, kichwa kimejaa ukungu, alikata mmoja mmoja, wote kwa upande ule ule. Akashona, akapiga pasi, akafunga. Hakuona kitu.

Siku ya safari kinyozi alilivaa mbele ya kioo chake, wateja wakiangalia. Mkono wa kulia ukajipinda kuelekea nyuma, kama unataka kumkuna mgongo. Watu waliangua kicheko. Akampigia fundi simu.

"Kama hutaki kwenda kwa mama si useme tu!"

"Sikuona. Wallahi sikuona."

"Fundi kama wewe? Una mtu, niambie."

Hapo ndipo angesema ukweli. Akakumbuka maneno ya dada yake. "Fikiria unavyotaka," alijibu, na simu ikakatika.

Hakupigiwa tena. Siku moja mchana aliketi nyuma ya pazia na pakiti yake. Hivi vimeninyima mikono, sasa vimeninyima na mtu, aliwaza, akakishika kidonge juu ya pipa la taka. Alimtaka kinyozi wake. Alimtaka kuliko alivyotaka kupona. Kisha akakikumbuka kile kiatu pale sakafuni, na machozi yakamtoka.

Mlango ukalia. Alichungulia. Kinyozi alikuwa amesimama amelivaa lile shati, amepita nalo barabara nzima, mkono umempinda.

"Nimelitazama ndani na nje," alisema. "Matundu ya vifungo umeshona kwa mkono. Mtu anayekudharau hakufanyii kazi hiyo. Nimekosea. Una nini, mama?"

Fundi akafungua kiganja. "Dawa. Ya huzuni isiyo na msiba."

"Ile siku uliniambia kichwa."

"Si uongo sana. Na kuna lingine. Najua nakupenda, ila sasa hivi sisikii kitu. Kama mkono uliokufa ganzi."

Kinyozi, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, safari hii alitanguliza mikono: alimimina maji kwenye glasi, akampa.

"Wanasema akili ni nywele. Mimi kila siku naona nywele zikianguka, na kila mwezi wenyewe wanarudi zimeota tena. Meza."

Akameza, pazia likiwa wazi.

"Nikufumulie huo mkono?"

"Usiufumue." Akalivua, akalitundika kwenye msumari mbele ya cherehani. "Siku likikuchekesha, nipigie. Ndipo twende kwa mama."

"Nisipocheka je?"

"Nitazoea kujikuna mgongo."

Kinyozi akarudi kazini na fulana tu.

Shati lilikaa pale, siku nzuri na siku mbaya, na mbaya zilikuwa nyingi. Hata asubuhi moja fundi alifika kazini akagundua amevaa viatu vyote viwili bila kufikiri. Akainua macho kutunga uzi, akauona ule mkono unavyohangaika kwenda nyuma. Kicheko kikamtoka hadi sindano ikaanguka.

Akapiga simu.

"Haloo, laazizi?"

"Njoo nikupime mkono wa kulia."

Upande wa pili kiti kikaburuzwa, mlango ukabamizwa, na kwa mbali sauti ya mteja ikalalamika: "We kinyozi, unakwenda wapi? Na upande huu je?"