Aliyebaki Mkiani

Harufu ya sigara ilianza wakiwa bado ardhini, na katika ndege iliyobeba petroli hata mlevi hawashi kiberiti.

"Umevuta, Oake?" Rubani Pallister aliuliza.

"Nivute humu, kapteni? Mimi roho yangu bado naipenda," fundi wake akajibu.

Wakaruka kwenda Berlin, mji uliofungiwa na Warusi njia zote isipokuwa ya angani. Wakati wa vita Pallister aliuendea kwa ndege hii hii, tumbo lake limejaa mabomu. Sasa paliponing'inia mabomu pamefungwa matangi, na kule mkiani, mahali alipouawa mpiga bunduki wake Wilf Tranter juu ya mji huo, kiti kimeng'olewa na pengo limezibwa kwa bati. Hakai mtu pale, labda panya.

Lakini mazoea yana taabu. Walipozama mawinguni, Pallister akajikuta anaita kwenye kipaza sauti, kama alivyowaita watu wake enzi zile, toka pua ya ndege hadi mkiani.

"Nyuma, upo?"

"Nipo, kapteni."

Oake akageuka, rangi imemtoka. "Niambie unanitania," akanong'ona. "Tafadhali."

Kile kikohozi kikavu kilichofuata Pallister alikijua, ni cha Wilf, na sasa baridi ilikuwa inakuja kutoka nyuma pamoja na harufu ya sigara na nywele zilizoungua, na kitu kikawa kinagonga tangi moja, kisha la pili, kisha la mbele yake, kama mtu anayepapasa njia gizani, hadi mkono wa chuma wa kumwagia mafuta angani ukaanza kuzunguka polepole, wala hapana aliyeugusa.

"Tumefika, kapteni. Mwaga. Hawa ndio walioniua."

Pallister aliogopa. Kisha hasira ikaushinda ule woga. Akaukamata mkono wa chuma, akaurudisha.

"Simwagi! Walikuua, nami nikawaua mpaka nikachoka. Leo huko chini kuna hospitali haina taa, wanawake wanajifungua gizani. Mafuta haya yatafika, utake usitake. Una ugomvi? Gombana na mimi!"

Chuma kikalegea. Wakatua.

Bi Lorenz, Mjerumani aliyeshika mpira wa kunyonyea mafuta, alifyonza hadi tone la mwisho. "Hospitalini leo watawasha taa," akasema, akifuta machozi kwa kiwiko.

Oake alikataa kupanda. "Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kapteni. Ule mvuke wa petroli unangoja cheche tu. Na yule anavuta!"

"Basi nitaruka peke yangu."

Oake akamtukania ukoo mzima, akapanda.

Mawinguni harufu ikarudi, safari hii na moshi wake. Oake akafumba macho. Pallister akashika kipaza sauti.

"Zima hiyo sigara, Wilf. Kesho tunabeba tena."

Nyuma ya bati, kisigino kikakanyaga kitu, kikakisaga taratibu.