Kaburi Lililolishwa Takataka

Kama unakula, weka sahani chini kwanza. Haya si maneno ya mtu aliye na chakula mdomoni.

Ilianza na harufu. Saa nne ya asubuhi, jua limejaa dirishani, Edinah alikuwa ameinama kumpaka poda dada yake Nabalayo, huku akitafuna chingamu kama kawaida yake. Nabalayo akafungua mdomo kuuliza kama kope zimekaa sawa. Yesu wangu! Kilichotoka hapo ni uvundo wa mifupa ya kuku iliyosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima. Edinah akaruka nyuma, mkono puani.

"Dada, umekula nini?"

"Chai na mkate. Kwani?"

"Si kitu."

Lakini kilikuwa kitu, tena kikubwa. Mdomo ule ndio uliowalisha wote wawili. Nabalayo alianzia kwaya ya kanisa pale Huruma, wakati yeye na Edinah wakilala kitanda kimoja kwenye chumba cha kupanga. Akaimba harusini, akaimba matangani, mpaka wimbo wake ukawa unapigwa redioni asubuhi na jioni. Kisha televisheni ikamchukua, akawa Sabina, yule mke mkorofi ambaye Eldoret nzima iliacha ugali ukiungua jikoni ili imtazame. Misimu mitatu Edinah ndiye aliyempodoa. Sasa Nabalayo alikuwa ameaga uigizaji arudi kwenye nyimbo, na tamasha lake mwenyewe, la kwanza maishani, lilikuwa limebakiza siku kumi na mbili.

Ili Nabalayo aondoke, ilibidi Sabina afe mchezoni. Walimzika mbele ya kamera kijijini Kapseret, kwenye shamba la mjane mmoja, Mama Nakhumicha. Vijana wakachimba kaburi la kweli, majirani wakaitwa waje walie. Sasa hao majirani, wasio na televisheni, walimjua Sabina wapi? Walimjua Nabalayo, msichana wao wa nyimbo za redioni. Basi wakalia kwa jina hilo: "Woooi Nabalayo! Umetuachia nani?" Mungai, mwelekezi wa mchezo, akayapenda yale machozi, hakumkatiza mtu.

Walipomaliza, Mama Nakhumicha akamfuata.

"Kijana, hapa kwetu kaburi ikishachimbwa na mtu akaliliwa, haifunikwi tupu. Kateni mgomba muuzike."

"Sawa Mama, tutaangalia," Mungai akajibu, macho kwenye saa.

Hakuangalia. Na Edinah, ndoo yake ya uchafu imejaa na jaa la takataka halionekani, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaimwaga yote shimoni. Nywele za kushonea alizokuwa amemfumua dada yake. Kucha za bandia. Mifupa ya kuku wa mchana. Vitambaa vya kufutia uso, kila kimoja na sura ya Nabalayo imebaki juu yake, nyusi na midomo. Mwisho akatema na chingamu. Vijana wakafukia. Mtu mzima, aliyefundishwa na nyanya yake kuchoma hata kipande cha ukucha! Uvivu ni ugonjwa, nakwambia.

Siku ya tatu baada ya ile harufu, wakiwa mazoezini, Nabalayo alipanda sauti ya juu, akakwama.

"Edinah," akanong'ona, "kuna kitu kooni. Nitolee."

Edinah akaingiza vidole viwili, akagusa kitu kama uzi, akavuta, na kile kitu kikaja, kikaendelea kuja, unywele juu ya unywele, mrefu, umelowa ute mzito wa kijivu, umeshikana na udongo mwekundu wa Kapseret, akavuta huku Nabalayo akikoroma na macho yakimtoka, akavuta mpaka fundo lote likadondoka sakafuni likakaa pale likitoa mvuke. Zilikuwa zile nywele za kushonea. Jioni Nabalayo alipochana nywele zake mwenyewe, zikang'oka zote na mizizi yake myeupe.

Kesho yake akatema mifupa ya kuku kwenye sinki. Halafu kucha, za waridi, kumi, na ile ya dole gumba yenye ufa ambao Edinah mwenyewe aliuziba kwa gundi. Walipokaa kula, kucha za kweli za Nabalayo zikaachia vidole, zikaangukia moja moja kwenye bakuli la githeri. Edinah aliona moja imelala juu ya maharagwe. Alikimbilia nje akatapika mpaka nyongo.

Pale nje, ameshika ukuta, ndipo akaelewa. Kilichorudi kilikuwa cha bandia, kilichoondoka kilikuwa cha kweli. Vilivyobaki kurudi ni vile vitambaa. Uso.

Walifika Kapseret saa sita mchana, Nabalayo amejifunika leso mpaka puani. Mama Nakhumicha akanusa mara moja tu.

"Nani alilisha shamba langu uchafu?"

Edinah akapiga magoti. Akasema yote: nywele, kucha, mifupa, vitambaa.

Mjane akapunguza sauti. "Kuna kitu hungojanga kaburi tupu. Wengine wanaita jini. Mimi siiti, isije ikaitika. Iliitiwa jina la Nabalayo, ikapewa takataka. Sasa inarudisha takataka, inachukua Nabalayo." Akamkazia macho. "Aliyetupa ndiye atafukua, na mikono yake. Na wewe, hakuna chako ulitupa hapo?"

Edinah akaikumbuka ile chingamu. Atamwambiaje mama wa watu kwamba alitema mate kaburini, kwenye shamba lake? Aibu ikamziba.

"Hapana, Mama."

Udongo ulikuwa na joto, tena unateleza kama mafuta ya jana ya kukaangia samaki. Alidhani atachimba futi sita. Wapi! Kiwiko hakijazama vizuri, vidole vikapita kwenye nywele. Kile kitu hakikuwa chini tena, kilikuwa kinapanda. Akapangusa udongo, akaona nywele za dada yake zimeota vizuri juu ya kichwa, kucha za dada yake zimekaa kwenye vidole vilivyovimba, na pale pa uso hapana uso, ni nyama nyeupe laini, tupu, kama unga wa chapati uliokandwa ukaachwa. Ule unga ukapasuka katikati. Ukaimba ule wimbo wa redioni, kwa sauti ileile. Kisha ukasema polepole:

"Edinah. Nipake poda. Nimechelewa."

Nyuma yake Nabalayo alikuwa anakohoa kitambaa cha kwanza. Ngozi ya shavu lake ilikuwa imeanza kuinuka pembeni.

"Usiangalie! Ng'oa!" Mama Nakhumicha akamfokea.

Edinah aling'oa nywele na kucha huku akitapika juu ya mikono yake mwenyewe, nacho kile kitu kikimnyonya vidole kwa ule mdomo usio na meno. Mjane akatupa shina la mgomba alilolivika gauni la Sabina, lililosahaulika kwake siku ya maziko, wakalikandamiza kwa magoti, wakalia wote watatu, hata Nabalayo mwenyewe, "Nabalayo, lala! Nabalayo, tumekuzika!" Udongo ukapoa. Shavu likatulia.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Chini ya kilemba nywele za Nabalayo zilikuwa zimeanza kuchomoza, kucha pia, na shavuni kulibaki kigaga ambacho poda iliweza kukificha. Sauti yake ilikuwa safi. Nyuma ya jukwaa Edinah aliinama amalizie nyusi, moyo wake mweupe kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya harufu.

Nabalayo akakunja pua, akarudisha kichwa nyuma.

"Edinah, umekula nini?"

"Chai na mkate."

Akasikia kitu chini ya ulimi. Akageuka kando, akakitoa kwa vidole. Chingamu, ya kijivu, imejaa chembe za udongo mwekundu, na alama za meno yake ziko wazi juu yake. Watu nje walikuwa wanaita, Nabalayo! Nabalayo!

"Kwani kuna nini?" dada yake akauliza.

Edinah akagusa jino la mbele kwa ulimi. Likacheza.

"Si kitu, dada," akasema, mdomo ameufunga nusu. "Nenda uimbe."